Maafisa wetu Tanga wanafundishwa mabadiliko ya tabianchi kila mwaka, mbona mvua ikija hatuoni tofauti?

#1 Bamvua
Wakuu salaam.

Swali hili limenikaa kooni. Kila mwaka tunasikia maafisa wa halmashauri za mkoa wa Tanga wako mafunzoni kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Mara Dodoma, mara Morogoro, mara hapa hapa Raskazone. Wanaenda wa mazingira, wa kilimo, wa mipango, wa uvuvi. Sipingi mafunzo, mtu asiyefundishwa huwezi kumlaumu.

Ila vuli ya 2019 ilikata barabara ya Korogwe–Handeni na watu wakapoteza maisha. Ya 2023, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) walitangaza tangu Agosti kwamba mvua itazidi wastani kwa sababu ya El Niño, na bado mtaani kwangu mtaro mkubwa ulianza kuzibuliwa maji yakiwa yameshaingia vyumbani. Aliyetakiwa kuusimamia ule mtaro mwezi Septemba namfahamu. Amefundishwa, na kazi yake anaijua. Sasa kimekwama wapi?

Walio ndani ya mfumo naomba waseme wazi. Nawasilisha.

#2 MwanaMuheza
Posho. Hakuna kingine. Uzi ufungwe.

#3 Mezani
Mkuu #2, tukifunga kwa neno moja tutakosa mengi. Mimi nipo idara ya mipango, halmashauri sitaitaja. Naeleza inavyokuwa.

Barua inafika Alhamisi, mafunzo yanaanza Jumatatu. Inaomba "mtaalamu mmoja anayeshughulikia mabadiliko ya tabianchi". Kwenye ikama cheo hicho hakipo. Barua inapanda kwa Mkurugenzi, anaandika pembeni "teua, nijulishe". Mkuu wa idara wiki hiyo ana kikao cha baraza la madiwani, anamteua aliye na nafasi. Aliye na nafasi kwa kawaida ni yule ambaye hakuna uamuzi unaomsubiri mezani. Anaenda, anasikiliza vizuri, anaandika mpaka daftari linajaa. Akirudi anatengeneza ripoti ya safari ili arejeshe masurufu. Ripoti inapigwa mhuri, inaingia kwenye jalada. Tunapokaa kuandaa bajeti, yeye hayumo chumbani na jalada hakuna aliyelifungua.

Posho ipo, sikatai. Lakini ukiifuta yote leo, barua itaendelea kufika Alhamisi.

#4 Ngamiani Barabara ya 12
Wahenga walisema Tanga waja leo waondoka leo, watumishi wamelichukua neno hilo kama waraka wa uhamisho. Wilayani kwetu afisa mazingira akishakijua kijiji kipi kinaliwa na bahari na kipi visima vimeingia chumvi, anaitwa mkoa mwingine. Anayekuja anatoka bara, bahari anaiona kwa mara ya kwanza. Hana kosa, kapangiwa. Lakini mnaanza naye moja: mikoko ni nini, kusi linavuma lini, maji makubwa ya bamvua yanafika wapi.

Mafunzo yanamfuata mtu, hayabaki ofisini. Hapo ndipo kidonda kilipo.

#5 FundiKalavati
Nyote mnaongea habari za idara ya mazingira. Mimi ni mhandisi wa barabara na nasema hivi: anayeamua kama nyumba yako itaingia maji siyo afisa mazingira. Ni mimi ninayechagua ukubwa wa kalavati.

Ukipima kalavati unahitaji kujua mvua kubwa kiasi gani inatarajiwa kurudi kila baada ya miaka 10, 25 au 50, kisha bonde linalomwaga maji pale lina ukubwa gani na udongo wake unanyonyaje. Mfano wa kukokotoa mafuriko ambao wengi tulifundishwa chuoni ulichapishwa mwaka 1976 na maabara ya barabara ya Uingereza, kwa vipimo vya mabonde ya Kenya na Uganda. Ni kazi nzuri, naiheshimu. Lakini mvua iliyopimwa ni ya kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Na mkoa wetu haufanani na wenyewe: Amani inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, Handeni kwa kawaida ni kama nusu yake, na zote zinaweza kuwa kwenye mpango kazi wa mhandisi mmoja.

Niliitwa kwenye mafunzo ya tabianchi. Tulifundishwa gesijoto ni nini, mikataba ya kimataifa, lengo la Tanzania la kupunguza uzalishaji wa gesi hizo kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Ni mambo ya kujua. Hakuna aliyenionyesha nichukue takwimu za mvua za miaka 20 iliyopita nizifanye nini ili bomba la milimita 600 ninaloliandika kwenye michoro liwe 900, na jinsi ya kuitetea hiyo tofauti ya gharama mbele ya mtu anayetaka kilomita nyingi kwa hela ileile.

Kwa hiyo Bamvua, jibu langu: tunafundishwa sababu za joto la dunia, hatufundishwi kazi yetu wenyewe inabadilikaje.

#6 MwanaMuheza
Fundi umeandika vizuri mpaka nimesahau nilisema uzi ufungwe. Ila kalavati la kwetu hata la 600 halijafika, tunavuka kwa gogo.

#7 FundiKalavati
Taja kata, siyo lazima kijiji. Niko makini.

#8 Mama Mwani
Asalaam aleikum. Mimi si mtumishi, ni mkulima wa mwani huku pwani ya Mkinga. Nimesoma tangu juu na nataka niwaambie tulichokiona sisi tunaofundishwa na hao waliofundishwa.

Zamani tulipanda mwani wa aina ya kotonii kwa sababu bei yake ni nzuri kuliko ile aina nyingine, spinosamu. Maji yakaanza kuwa moto. Mnajua maji yakitoka sana mchana wa kaskazi, yale yanayobaki kwenye vidimbwi yanachoma mguu. Kotonii ikaanza kupauka nchani, inakuwa nyeupe kama mfupa, ukiishika inakatika na kubaki taitai (nyuzi za kufungia) kwenye kamba. Unavuna kamba tupu. Akaja afisa wa kwanza na gari, akatukusanya chini ya mwembe, akatusomea karatasi: joto la dunia linaongezeka. Tukamwambia baba, hilo tumeshaligusa kwa miguu.

Baadaye akaja kijana mwingine wa uvuvi. Huyu alikuja saa ambayo maji yametoka, usiku, ana kurunzi. Akaingia na sisi mpaka magotini. Alikuwa na kipimajoto kilichofungwa kwa uzi, akatufundisha kukizamisha kwenye kina cha kamba, kungoja, kusoma, kuandika. Tukaandika joto, tukaandika lini mwani umepauka. Miezi ikapita, tukaona wenyewe kwenye daftari kwamba shamba la karibu na ufukwe ndilo linaloungua, la kwenye mkondo linapona. Tukahamisha kamba. Akatuambia pia kotonii inaweza kustahimili kwenye kilindi ikining'inizwa kwenye vyelezo, lakini hapo pakawa pagumu, kunataka ngalawa na kujua kuogelea, na wengi wetu hatujui.

Amehamishwa. Kweli kama alivyosema wa #4. Lakini daftari tunalo na tunaandika mpaka leo. Kwa hiyo mimi nasema si kila mafunzo yanaondoka na mtu.

#9 Ngamiani Barabara ya 12
Mama umenipa somo, nashukuru. Ila swali: aliyekuja baada ya yule kijana analijua hilo daftari?

#10 Mama Mwani
Hajaliomba. Tulimwonyesha mara moja akasema vizuri, endeleeni.

#11 Ngamiani Barabara ya 12
Ndiyo hoja yangu hiyo sasa.

#12 Kijana wa Sahare
Mnasema kama hili jambo ni jipya. Mbona Tanga tulishakuwa mfano wa Afrika Mashariki nzima? Kulikuwa na mradi wa hifadhi ya pwani miaka ya 90, wilaya za Mkinga, Pangani na Jiji la Tanga, maafisa na wavuvi walifundishwa pamoja. Nini kiliua ule moyo?

#13 Mzee wa Mtang'ata
Kijana, kidogo nikurekebishe. Mradi ulianza 1994 kwa msaada wa Ireland na usimamizi wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Wakati huo Mkinga haikuwa wilaya, ilikuwa ndani ya Muheza. Na Tanga ilikuwa manispaa, jiji imekuwa 2005.

Nilikuwemo, kwa hiyo nisikilizeni. Kilichofanya ule mradi ushike ni kwamba mafunzo hayakuanza na mada, yalianza na malalamiko. Watu wa vijijini waliulizwa nini kinawauma. Wakasema uvuvi wa baruti, samaki wamekwisha, bahari inakula pwani, mikoko inakatwa. Kila lalamiko likapewa afisa wa halmashauri na kikundi cha kijiji, wakafundishwa kile tu wanachohitaji kwa lalamiko lile. Wavuvi na maafisa walivaa miwani ya kuzamia wakajifunza kuhesabu samaki na kukagua matumbawe, kila mmoja na ubao wake wa plastiki na penseli. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kali na matumbawe kupauka, watu wa hapa walikuwa na kumbukumbu za kabla, wakaweza kulinganisha. Sehemu nyingi za dunia hazikuwa na kitu kama hicho.

Maeneo ya usimamizi shirikishi yakaanzishwa: Mtang'ata, Boza–Sange, Mwarongo–Sahare, Deepsea–Boma na mengine. Mafunzo hayakuwa ya siku tatu. Yalikwenda kwa miaka, mkufunzi anarudi palepale kwa watu walewale.

Nini kilikwisha? Fedha za wafadhili zilikwisha. Doria inataka mafuta ya boti, na halmashauri hazikuweka mafuta kwenye bajeti yake kwa kiwango kile. Maafisa waliofundishwa walistaafu kama mimi. Baruti ikarudi.

#14 Kijana wa Sahare
Shikamoo mzee, asante kwa masahihisho. Lakini hapo umenipa jibu tofauti na wengine wote. Ujuzi ulikuwepo, mafuta ya boti ndiyo hayakuwepo.

#15 Mzee wa Mtang'ata
Marahaba. Vyote viwili, mwanangu. Afisa mwenye ujuzi na asiye na mafuta anakata tamaa. Mwenye mafuta na asiye na ujuzi anakwenda kutembea baharini.

#16 Hatifungani
Niingilie kwa mfano wa upande wa pili. Tanga UWASA mwaka 2024 walitoa hatifungani ya kijani (kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira), bilioni 50, ikaorodheshwa soko la hisa Dar es Salaam. Mamlaka ya maji ya mkoa! Hakuna aliyeamini. Wale ni watumishi wa umma kama wengine. Walijifunza kuandaa hesabu za kumridhisha mwekezaji, kueleza mradi wa maji unahusiana vipi na mazingira, kutoa taarifa kwa muda. Kwa hiyo msiseme serikalini hatuwezi kujengeana uwezo.

#17 Mezani
Ni bilioni 53.12 mkuu, na waliojitokeza kununua walizidi kiwango hicho. Mfano mzuri, nauunga mkono. Ila angalia tofauti: UWASA wana ankara. Kila mwezi wateja wanalipa, mwekezaji anaona hela itakakotoka. Halmashauri inayotaka kujenga ukuta wa kuzuia bahari isile makaburi ya kijiji, ankara ataletewa nani?

#18 Hatifungani
Nakubali tarakimu. Kwenye hoja, nadhani bado mnapuuza kitu. Wale walijifunza kwa sababu kulikuwa na tarehe na kulikuwa na bidhaa ya kutoa. Mafunzo yaliyofungwa kwenye kazi inayotakiwa kukamilika siku fulani yanashika. Mafunzo ya "kujenga uelewa" hayashiki popote, UWASA wala wizarani.

Na kuna jambo lao jingine la maana zaidi kwa uzi huu. Maji ya Tanga yanatoka mto Zigi, bwawa la Mabayani. Mto unaanzia milima ya Amani. Mkulima akilima kingoni kule juu, tope linakuja kujaa bwawani huku chini. Ndiyo maana wamekuwa wakishirikiana na vikundi vya wakulima wa bonde la Zigi kuhifadhi kingo. Mhandisi wa maji amelazimika kujifunza kuongea na mkulima wa iliki. Huo ndio ujuzi wa tabianchi ninaouelewa mimi.

#19 MwanaMuheza
Hapo kwa wakulima wa iliki umegusa nyumbani. Tuliambiwa tuache mita 60 kutoka mtoni. Ukiacha mita 60 kwenye shamba la mteremko la ekari moja unabaki na nini? Afisa aliyekuja kutuambia sheria alikuwa anaijua sheria. Alichokuwa hajafundishwa ni kutuambia tukiacha mita hizo tupande nini kitakachotulipa. Tungepewa miche na soko tungeacha hata 70.

#20 Afya Jirani
Nami niongeze la afya maana mmelisahau. Nipo zahanati, kitabu cha MTUHA, cha takwimu za wagonjwa, najaza mimi. Mvua kubwa ikipita, kuhara kunapanda, malaria inafuata wiki kadhaa baadaye. Namba zipo kwenye kitabu mwaka hadi mwaka. Utabiri wa msimu upo TMA. Hakuna siku nimeona mtu akiweka karatasi hizo mbili mezani pamoja na kusema: mwezi ujao pelekeni dawa ya kutibu maji kata fulani. Sihitaji semina ya hotelini. Nahitaji mtu anionyeshe kwa mchana mmoja namna ya kusoma utabiri na kuuombea dawa mapema.

#21 Mtendaji
Dada Afya umenifungulia mlango, nilikuwa nasoma kimya. Mimi ni mtendaji wa kata pwani.

Watu wanadhani kazi ngumu ni kupata taarifa. Taarifa inakuja, TMA siku hizi wanatoa mpaka utabiri wa wilaya. Ngumu ni hii: "mvua za wastani hadi juu ya wastani zinatarajiwa katika maeneo mengi". Naisoma kwenye mkutano wa kijiji, bibi mmoja ananyoosha mkono: baba, nipande mahindi lini na nipande mbegu gani? Nina diploma, nimehudhuria mafunzo ya maafa, na sikuwa na la kumjibu zaidi ya "subirini maelekezo ya wataalamu". Afisa ugani wa kata ana pikipiki waliyogawiwa 2022, lakini anahudumia vijiji ambavyo kwa siku moja hawezi kuvimaliza.

Halafu Mei 2024 ikaja tahadhari ya kimbunga Hidaya, Tanga tukatajwa. Tulikaa kikao cha kamati ya maafa, tukazuia vyombo visiende baharini, tukapita na spika. Kimbunga kikaishiwa nguvu baada ya kufika nchi kavu upande wa Mafia. Huku kwetu hatukuumia. Kesho yake wavuvi wananiambia: mtendaji umetulaza njaa bure. Mimi najua nilifanya sahihi. Lakini namna ya kumweleza mtu kwamba tahadhari ambayo haikutimia haikuwa uongo, hilo hakuna aliyenifundisha. Na nisipolijua, tahadhari ijayo hawatanisikiliza, na hiyo ndiyo inaweza kuwa ya kweli.

#22 Bamvua
Mtendaji, hapo ndipo nilipokuwa nataka tufike. Asante.

#23 Kojozi
Wanangu, mimi nahodha. Utabiri tulikuwa nao kabla ya simu: nyota, rangi ya mawingu, bahari inavyonuka kusi likikaribia. Mnawafundisha maafisa hotelini, kwa nini hamuwaleti kwetu forodhani?

#24 FundiKalavati
Nahodha shikamoo. Tuseme wazi tu: dalili hizo zinatabiri kesho na keshokutwa, mimi natakiwa kutabiri kalavati la miaka 25. Vyote vinatakiwa, kila kimoja mahali pake.

#25 Kojozi
Marahaba. Na kisiwa cha Maziwe mlikitabiri? Mababu walitua pale, palikuwa na miti, kasa wakitaga. Leo maji yakijaa kisiwa chote kinapotea. Hayo ndiyo mabadiliko ya tabianchi.

#26 Mzee wa Mtang'ata
Nahodha, Maziwe tuwe waangalifu. Pale palikuwa na mivinje, ilikatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, na kisiwa kikaanza kuliwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 80 miti ilishakwisha. Bahari kupanda inachangia, lakini shoka lilitangulia. Nalisema kwa sababu afisa akifundishwa kwamba kila kitu ni tabianchi, hatamkamata mkata mikoko, atasema ni joto la dunia.

#27 Kojozi
Baba yangu alisema ni mawimbi, si shoka. Hatutakubaliana hapa.

#28 Tabata Lakini Mwenyeji
Samahani kwa kutoka nje ya Tanga, mimi asili yangu Bagamoyo. Kwetu visima vingi vya pwani viliingia chumvi, mradi ukaja ukachimba vipya na kuweka pampu. Ukienda leo angalia kama kuna mtu wa halmashauri au kijiji anayejua kufungua ile pampu ikikwama. Fundi anatafutwa mbali. Nyinyi mnazungumzia ujuzi wa maafisa, mimi naona ujuzi wa kwanza uende kwa fundi.

#29 Mezani
Kweli kabisa. Na fundi hayumo kwenye barua ya Alhamisi.

Naomba niseme jambo moja la mfumo ambalo halijasemwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kila halmashauri iwe na afisa usimamizi wa mazingira, na kamati za mazingira mpaka kijijini. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 nayo ina kamati zake mpaka kijijini. Tuna mkakati wa taifa wa mabadiliko ya tabianchi wa 2021 hadi 2026. Karatasi zimekamilika. Lakini siku hizi utendaji wa mtumishi unapimwa kwa PEPMIS. Unaandika majukumu yako, msimamizi anayapitisha, mwisho wa mwaka unapewa alama. Fungueni za kwenu mniambie ni mhandisi gani ana jukumu la "kupitia upya vipimo vya kalavati kwa takwimu mpya za mvua", au afisa ugani gani ana "kutafsiri utabiri wa msimu kuwa ushauri wa mbegu kabla ya vuli". Kama halipo kwenye PEPMIS, ukilifanya unalifanya kwa mapenzi yako, na usipolifanya hakuna anayekuuliza. Unaweza kumfundisha mtu miaka mitano, akarudi kwenye dawati ambalo halimdai alichofundishwa.

#30 Afya Jirani
Hii #29 nimeinakili.

#31 Chongoleani Usiku
Wote mnazunguka. Shida ni viwanja. Bonde la maji linapimwa, linauzwa, linajengwa, na ramani inapita kwenye meza za watu wenye shahada. Hawakukosa ujuzi, walikosa wa kuwaunga mkono waseme hapana. Mpeleke afisa mipango miji chuo chochote duniani, akirudi akikuta simu imeshapigwa kutoka juu, atasaini.

#32 FundiKalavati
Kuna ukweli, lakini siyo wote. Nimewahi kumwona afisa ardhi akikataa ramani na akashinda, kwa sababu alikuwa na picha za mafuriko zenye tarehe na mchoro wa kimo cha maji. Hoja ilikuwa na namba, simu ikakosa cha kusema. Ujuzi nao ni silaha ya kukataa.

#33 Chongoleani Usiku
Mmoja.

#34 FundiKalavati
Mmoja anatosha kuonyesha inawezekana.

#35 Kijana wa Sahare
Kuna ujuzi mwingine unatujia mbio na hatuuoni: mikataba ya kaboni, yaani kulipwa kwa kutunza misitu inayonyonya hewa ukaa. Kanuni za biashara ya kaboni zimetoka 2022. Wilaya ya Tanganyika kule Katavi vijiji vinapata hela ya misitu, na sasa wanaotaka mikoko ya pwani wanakuja. Mikataba ni ya miaka mingi, kurasa nyingi, na mara nyingi kwa Kiingereza. Atakayekaa upande wa pili wa meza ni mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Na mikoko yenyewe ni hifadhi iliyo chini ya TFS (wakala wa misitu wa serikali), kwa hiyo hata nani anauza nini hakuko wazi kwa wengi. Mwanasheria wa halmashauri amefundishwa hayo?

#36 Mtendaji
Mimi sijafundishwa na wameshakuja kunisalimia. Nimewaambia walete Kiswahili kwanza.

#37 Ngamiani Barabara ya 12
Hapo mtendaji nakupa heshima zangu zote.

Halafu jamani, Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi hapa hapa Tanga. Chuo cha Hombolo, Dodoma, wanafundisha watu wa serikali za mitaa. Kwa nini kila anayesomea uhazili, utunzaji kumbukumbu au utawala asitoke pale akijua kusoma utabiri wa wilaya na kutunza jalada la maafa ili anayekuja alikute? Mtunza kumbukumbu ndiye ambaye angeokoa daftari la Mama Mwani. Tunawafundisha wakubwa wakiwa wamechoka, vijana wanaoanza tunawaacha.

#38 MwanaMuheza
Narudi kwa posho yangu lakini kwa heshima: leteni mkufunzi kijijini, chakula kipikwe hapa, posho ya hoteli inunue vipimamvua. Kata zetu nyingi mvua inapimwa kwa macho.

#39 FundiKalavati
Hiyo ni hoja kubwa kuliko unavyodhani, mkuu. Mashamba ya mkonge zamani yalikuwa na kipimamvua, karani anaandika milimita kila asubuhi. Mkoa huu una mashamba ya mkonge kuliko wowote, na Amani kuna kituo cha utafiti tangu 1902. Mimi nikipata madaftari ya mashamba mawili matatu, ya zamani na ya sasa, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano wanaweza kutusaidia upande wa udongo na mimi nitachora upya vipimo vya mabonde ya wilaya yangu. Sihitaji kusafiri. Mwenye kujua daftari liliko aniandikie pembeni.

#40 Mtendaji
Shamba lililo jirani na kata yangu karani wake mkuu tunafahamiana. Nitamuuliza wiki hii. Ila akiniuliza barua ya kuomba inatoka kwa nani, nimwambie nini?

#41 Mezani
Andika wewe kama mtendaji, mhandisi asaini pamoja nawe, nakala kwa Mkurugenzi. Ukisubiri iandikwe huku juu, itafika Alhamisi.

#42 Chongoleani Usiku
Na mkipata hizo namba, mkachora bomba la 900, hela ya kulinunua? Mzee wa Mtang'ata ameshawaambia habari ya mafuta ya boti.

#43 FundiKalavati
Ukiomba hela ya 900 bila namba, unapewa ya 600. Nianze na namba. MwanaMuheza, bado hujanitajia kata yenye gogo.